Ukuta wa Kibla

Mutsamudu, 21 Agosti 1997

Ayouba mdogo wangu,

Amani ya Mungu ikutangulie, na nyuma yake zikufikie salamu za nyumba nzima. Binti yangu Imane hajambo. Mimba yake imetimiza miezi mitano, miguu inamvimba kila alasiri, lakini anakula vizuri na anagombana na kila mtu, basi najua yuko salama.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha Unguja alichotulea nacho Bibi. Najua wewe na mimi tukikaa kibarazani tunasema Kindzuani kama majirani zetu, lakini Salimou, yule mfanyabiashara wa Mirontsy anayenibebea barua hii kwa mashua hadi kisiwa cha Mwali na kutoka huko hadi kwako Moroni, ameniambia bahasha zinafunguliwa njiani. Anayefungua na ahangaike kidogo.

Uliondoka tarehe kumi na tisa Julai ukasema wiki mbili. Ulikwenda kutafuta picha za zamani za msikiti wetu na karatasi ya ruhusa yenye muhuri, basi. Tarehe tatu Agosti wakatangaza kwamba kisiwa chetu cha Ndzuani kimejitenga na visiwa vingine. Tangu siku hiyo simu haishiki na meli haiji. Watu wanaimba barabarani. Mimi kila asubuhi nakuandalia kikombe chako, halafu nakirudisha kabatini.

Ukuta wa kibla uko kama ulivyouacha. Nguzo zimeuegemea, na vile vioo vitatu ulivyobandika juu ya ufa bado vizima. Naoufal anavikagua kila baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu ulimwambia kwamba kioo kikivunjika, ukuta umesogea. Anauliza aendelee vipi bila wewe. Fundi mzima wa miaka hamsini, lakini anauliza kama mtu aliyepotea sokoni.

Mume wangu, shemeji yako Abdoulkarim, hajambo. Wamemchagua tena kuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Maneno mliyorushiana yeye na wewe mezani juu ya saruji, asubuhi ya safari yako, hajayataja, nami sijayataja.

Rudi mapema.
Dada yako, Saandia


Moroni, 30 Septemba 1997

Dada Saandia,

Nimeipokea barua yako nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Mwambie Imane asigombane na mume wake hadharani, amsubiri nyumbani. Mimi mzima. Nimepata chumba karibu na bandari ya hapa, na mchana nafanya kazi ya kuziba nyufa za nyumba za watu.

Mwanzoni mwa mwezi huu niliona wanajeshi wakipakiwa kuja kwenu. Watu walisimama ufukoni wakipiga makofi. Nilisimama katikati yao, nikawa nawaza wataingilia mtaa gani, na mlango wa nani utakuwa wazi saa hiyo. Siku tatu nzima sikujua kama mko hai. Walioshindwa waliporudi, wenzangu walilia kwa aibu, mimi nikalia kwa sababu nyingine. Sikumwambia mtu.

Nimeandika kazi kwenye karatasi ya peke yake ili uwasomee mafundi bila kuwasomea na mambo yetu. Nayo inasema hivi. Naoufal asiguse ufa. Kwanza azibue mifereji ya paa, maana ukuta wa kibla unatazama kaskazini, na mvua ya kaskazi inaupiga usoni. Kisha apige lipu ya chokaa, tabaka nyembamba, kila moja isubiri ya chini yake ikauke. Saruji isikaribie ukuta ule hata kwa kiganja kimoja. Ukuta wa mawe na matumbawe hunywa maji kisha huyatoa. Ukiufunga kwa saruji, utayanywa na kubaki nayo.

Haya sikuyasoma kitabuni. Unajua miaka kumi na mmoja niliyokaa Ufaransa niliimaliza juu ya majukwaa ya ujenzi ya kanisa kuu moja la kaskazini, jengo la miaka mia saba, lenye matao yaliyochongoka na mikono ya mawe inayoushika ukuta kutoka nje. Siku ya kwanza fundi mkuu wa pale alinipa mwiko, akaniambia, "Hapa chokaa lazima iwe dhaifu kuliko jiwe. Kitu kimoja kikubali kufa, kingine kiishi." Niliswali adhuhuri nyuma ya majukwaa yale kila siku, na kila siku niliahidi kuirudisha elimu hiyo kwenye msikiti alioswalia baba yetu.

Nipe habari za ukuta.
Ayouba


Mutsamudu, 12 Januari 1998

Mdogo wangu,

Ramadhani njema. Tunafunga na joto limetuelemea. Imane amejifungua mtoto wa kike wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na tumempa jina la marehemu mama yetu, Nouriat. Ana paji la uso lako. Akilia anakunja ngumi moja tu, ya kulia, nyingine anaiacha wazi, na sisi wanawake tunakaa tukimtazama kama watu wasio na kazi. Wakati wa kuoga haogopi maji. Nywele zake zimeanza kujikunja. Nimemshonea kofia kutoka kwenye lile shati lako la bluu uliloliacha, usinikasirikie.

Salimou anasema safari sasa inachukua muda, kwa hiyo usihesabu siku.

Kuhusu msikiti, watu wanaswali.

Saandia


Moroni, 3 Mei 1998

Dada yangu,

Barua yako ya Januari imenifikia mwisho wa Aprili. Nimemwambia kila mtu wa huku kwamba nimekuwa babu, na mama mmoja wa mtaa wa Badjanani, mjane anayeitwa Zaitoun, amenipa kipande cha kitenge cha mtoto. Salimou atakuletea.

Umeniandikia ukurasa mzima wa mtoto, na nimeufurahia kila mstari. Kuhusu msikiti umeandika maneno manne. Nimeyahesabu.

Nakujua, Saandia. Tulipokuwa watoto ukivunja sahani ulikuwa unaanza kusimulia habari za paka.

Nitakusimulia jambo moja nisilowahi kukusimulia. Kule kwenye kanisa kuu, mwaka wangu wa tatu, fundi mkuu alinipandisha hadi chini ya paa akanionyesha mahali ambapo mafundi wa zamani walikuwa na haraka, wakaziba kwa saruji. Saruji ilikuwa nzima kabisa. Jiwe lililoizunguka lilikuwa unga. Nililigusa kwa kidole likamwagika, na ile saruji ikabaki imesimama peke yake kama jino la mwisho. Mzee yule alivua kofia yake. Kisha tukashuka.

Kwa hiyo usinifiche. Mabaya nikiyajua nitalala.

Mimi naendelea. Vichochoro vya Badjanani vinanidanganya. Nikitoka msikitini, kona ya tatu miguu yangu inageuka kushoto yenyewe, kana kwamba nitaukuta mlango wako. Nakuta ukuta, narudi.

Ayouba


Mutsamudu, 20 Februari 1999

Ayouba,

Najua ni miezi tisa. Nilianza barua sita, zote nimezichana. Nouriat anatembea. Imane hajambo. Sasa nakuambia.

Saruji ilipigwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule ulioondoka. Karatasi yako ya kazi niliwasomea uani, mbele ya kamati yote, neno kwa neno. Naoufal alisema, "Fundi ameshasema." Abdoulkarim akasimama. Alisema nchi mpya haiwezi kuswali ndani ya ukuta unaotoa vumbi, na kwamba yeye hapokei amri za kazi kutoka Moroni, hata zikiandikwa na shemeji yake. Wakatoa nguzo, wakabandua vioo, wakapiga saruji mbele na nyuma, nene kama kiganja. Kwa wiki mbili ukuta uling'aa. Watu walikuja kutoka Mirontsy kuutazama. Mume wangu alifurahi kama bwana harusi, na mimi sikuweza kukuandikia wewe wala kumsema yeye.

Mwezi wa Desemba uliopita mapigano yalizuka hapa mjini, watu wa hapa kwa watu wa hapa. Risasi zilipita vichochoroni siku nyingi. Sisi wanawake na watoto tulikimbilia msikitini kwa sababu kuta zake ni nene, na wanaume wakatuachia ukumbi mkuu. Nilikaa siku mbili nimeegemeza mgongo kwenye ukuta wa kibla, Nouriat yuko mapajani. Siku ya pili nguo yangu ilikuwa imelowa mgongoni. Nilidhani ni jasho. Nikageuka nikauweka mkono. Ukuta ulikuwa mbichi kama nguo iliyotoka kisimani, na katikati ulikuwa umefura, Ayouba, umetoka mbele kama tumbo. Nikabisha kwa kifundo cha kidole, ukajibu kwa sauti ya kitu kitupu.

Niliwasogeza wanawake wote upande wa mlango. Sikuwaambia kwa nini. Jioni hiyo kipande kikubwa cha saruji kikaanguka mahali nilipokuwa nimekaa na mtoto.

Abdoulkarim alikuja risasi zilipotulia. Alikitazama kipande kile sakafuni, akautazama ukuta. Nikamwambia nilikuwa nimekaa pale. Hajalitamka neno saruji tangu siku hiyo, wala halali vizuri.

Tufanye nini? Mvua bado zinanyesha. Ukasirike nasi baadaye.

Saandia


Moroni, 6 Juni 1999

Dada,

Nashukuru mko hai. Mengine yote yanatengenezeka.

Usitazame mwandiko. Kalamu mbovu, na meza haijatulia. Nimehama kule bandarini, sasa nakaa Badjanani, nyumba ya yule mjane Zaitoun, chumba cha uani.

Karatasi ya kazi. Msingoje. Rudisheni nguzo leo, kwa pande zote mbili. Halafu mifereji ya paa. Kwanza maji, ndipo ukuta. Mvua zikiisha muanze kuitoa saruji kutoka juu kwenda chini, tindo ndogo na nyundo ndogo, tindo imelazwa, isisimamishwe. Mtoe ukanda wa upana wa mkono, muache ukanda. Msiuvue ukuta wote mara moja, utaanguka. Penye saruji iliyoshikana na jiwe, paacheni, mtaparudia. Ukishavuliwa, muuache uchi. Mwaka mzima ikibidi. Watu wataona haya, waone. Ukuta lazima utoe maji yake. Vioo vipya vitatu juu ya ufa, na tarehe iandikwe kwenye kila kimoja.

Sijakasirika na Abdoulkarim. Mwambie, au usimwambie.

Ayouba


Mutsamudu, 9 Aprili 2000

Ayouba mdogo wangu,

Amani kwako, na kwa mama mwenye nyumba aliyekupa chumba. Imane ana mimba ya pili. Nouriat anauliza babu yake wa Moroni ni mtu au ni barua.

Tumefungiwa bahari mpaka tukubali kurudi kwenye umoja wa visiwa. Tangu mwezi wa pili hakuna mafuta ya taa, unga hauonekani, simu zote zimekufa, na dawa za presha za Abdoulkarim nazigawa nusu nusu. Sisemi shida ina faida. Lakini nakuambia lililotokea. Saruji ya mwisho kisiwani iliisha kabla ya Ramadhani, na baada ya bahari kufungwa hakuna aliyeweza kuileta tena hata angetaka. Waliokuwa wanamwambia Abdoulkarim apige nyingine juu ya ile ya kwanza wakanyamaza.

Naoufal alikwenda kwa wazee wa pwani wanaokumbuka kuchoma chokaa. Tulipanga magogo na matumbawe yaliyotupwa na mawimbi, duara kubwa lenye kimo cha mtu, na lilichomwa siku mbili. Wanawake wa mtaa wote tulibeba. Mimi, kwa umri huu, nilibeba vikapu kumi na vinne. Chokaa ilipopoa tuliizima kwa maji shimoni, ikachemka na kutoa moshi. Harufu ile ilinipeleka moja kwa moja kwenye ua wa baba, wewe umeshika ndoo, mimi nakukataza usichungulie. Tumeifunika kwa majani ya migomba mpaka ikomae.

Kuhusu ukuta. Nguzo zilirudi wiki ile ile barua yako ilipofika, na saruji imekuwa ikitolewa tangu Agosti, ukanda kwa ukanda, kama ulivyosema. Siku ya kwanza Abdoulkarim alifika uani na kanzu yake ya kazini, akasimama pembeni. Alikaa hivyo mpaka adhuhuri. Kisha akaivua kanzu, akabaki na fulana, akamwendea Naoufal, akasema, "Nipe mahali nilipoanzia mimi." Naoufal akamwonyesha. Tangu hapo, kila akitoka ofisini bandarini anapanda jukwaa. Hajui kushika tindo. Vidole vyake viwili vimepoteza kucha. Nikimfunga kitambaa ananitolea mkono bila kunitazama.

Sasa jambo langu. Salimou aliponipa barua yako ya Juni, niliuliza mbona mwandiko umelala upande usio wake. Aliangalia viatu vyake. Safari hii nilimfungia mlango wa barazani, nikamwambia hatoki. Ameniambia nusu, kisha akaapa hawezi kumaliza, kwamba ni lako.

Mkono wako una nini?

Saandia


Moroni, 27 Agosti 2000

Dada Saandia,

Nimeikalia barua yako wiki tatu. Salimou usimlaumu, nilimwapisha.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka jana. Mkutano wa suluhu kati ya visiwa ulikuwa umevunjika, na hapa mjini watu wakatoka kuwatafuta watu wa Ndzuani waliokuwa wakiishi nao. Mimi nilikuwa natoka kazini na mfuko wangu wa vifaa. Vijana wanne wakanisimamisha karibu na bandari, wakaniambia nisalimie. Nilisalimia, na sauti yangu ikawaambia ninakotoka. Mmoja alinishika, mmoja akautandaza mkono wangu wa kulia juu ya ukingo wa mawe, ule ukingo niliouziba mwenyewe wiki ile. Nyundo waliitoa mfukoni mwangu.

Nilikimbia na mkono ule hadi Badjanani, sijui vipi. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Zaitoun. Alinisukuma ndani, akabaki yeye kizingitini. Nilimsikia akiwaambia, polepole kabisa, "Mama zenu nawajua wote kwa majina. Nianze na wa nani?" Wakaondoka.

Mkono umepona kwa nje. Vidole vitatu havijikunji. Siwezi kushika mwiko wala tindo. Kuandika nimejifunza kwa kushoto, kama unavyoona, na karatasi ya kazi ya Juni ilinichukua siku tano. Haikuwa meza wala kalamu.

Najua unajiuliza mbona siji. Mwaka jana mwezi wa Julai, walipokuwa wanatupakia watu wa Ndzuani kwa mashua ya Mwali, Salimou aliniwekea nafasi. Nilifika mpaka kwenye maji. Nikawaza nitashuka Mutsamudu, Naoufal atanipa mkono, watu wote wa mtaa watakuwa uani wakimngoja fundi wao. Fundi asiye na mkono anapanda jukwaani kufanya nini? Nikageuka. Bora muwe na barua zangu kuliko mimi.

Na lingine. Mwezi wa Novemba nilimwoa Zaitoun. Hatukufanya sherehe. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ukisoma neno hilo utaona nimeshafunga mlango wa kurudi. Sijaufunga, dada. Lakini siwezi kusema tena kwamba hapa ni ugenini.

Msimwambie Abdoulkarim habari za mkono.

Ayouba


Mutsamudu, 18 Machi 2001

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimelia nikamaliza, na sasa nakusema.

Kwanza wifi yangu. Umemwoa mwanamke aliyesimama mlangoni kwa ajili yako, ukamficha dada yako kama mtu aliyeiba kuku. Mpe salamu zangu zote. Mwambie ana chumba hapa, na kwamba nguo ya Nouriat aliyoituma imevaliwa mpaka imechanika, na sasa mdogo wake wa kiume anaburuta kilichobaki.

Pili, umesema nisimwambie Abdoulkarim. Nilikutii miezi minne. Kisha siku moja alikuwa anafunga kitambaa kwenye vidole vyake, akasema, "Ayouba angekuwa hapa angenicheka." Nikamwambia, "Ayouba hawezi kushika hata hicho kitambaa." Nikampa barua yako. Aliisoma uani, akaikunja, akanirudishia. Akaenda zake msikitini, na siku hiyo alifanya kazi mpaka Naoufal akamshusha kwa nguvu.

Wamesaini mapatano ya visiwa Fomboni, kule Mwali, mwezi uliopita. Watu wa hapa wanasema hivi na hivi. Mimi nimesikia kwamba meli zitarudi, sikusikiliza mengine. Ukuta ulikaa uchi mwaka mzima. Ulitoa chumvi nyeupe, tukaifagia kwa ufagio, ikatoka tena, tukaifagia tena, mpaka ikaacha. Uvimbe umerudi ndani kidogo, na palipokataa kurudi Naoufal amepaacha, anasema mzee hanyoshwi mgongo. Tabaka la pili la chokaa limekauka. Vioo vitatu ni vizima, mwezi wa kumi na mbili sasa.

Unasema bora tuwe na barua zako. Nani amekuambia? Karatasi za kazi nilizisoma mimi kwa sauti, mbele ya wanaume ishirini, na wao waliutazama mdomo wangu kana kwamba wewe umo ndani. Nimechoka kuwa mdomo wako. Njoo uwe nao mwenyewe.

Saandia


Moroni, 25 Agosti 2001

Dada,

Meli ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Sisi wawili. Zaitoun ameuliza mara tatu aje na nini, nikamwambia aje na subira, maana utamlisha.

Hapa wazee wa Badjanani wameniomba niwaangalie msikiti wao mmoja mdogo, ambao nao ulishapigwa saruji zamani. Nawafundisha mafundi wanne. Mimi nasema, wao wanashika. Kwa hiyo nitakaa kwenu siku arobaini, nisikudanganye kwamba ni zaidi.

Sijui nitamwambia nini Abdoulkarim.

Ayouba


Mutsamudu, 24 Novemba 2001

Ayouba mdogo wangu,

Amani kwenu wawili, na Ramadhani njema. Huu ni mwezi wa pili bila nyinyi, na nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi. Imane anamkumbuka Zaitoun jikoni. Nouriat ameamua kwamba babu wa Moroni ni mtu, na anamlaumu kila mmoja wetu kwa kukuacha uondoke.

Siku arobaini zile nilikaa nikiwatazama wewe na Abdoulkarim. Mlikunywa chai pamoja kila asubuhi. Mlizungumza bei ya karafuu, dawa za presha, mpira, meli. Siku uliyouweka mkono wako wa kushoto kwenye ukuta, ukaupitisha polepole kutoka pembe hadi pembe, yeye alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yako. Ulisema, "Kazi ni ya mafundi." Ukaishia hapo. Bandarini alikubebea mzigo, mkashikana mikono kwa kushoto, na hakuna aliyetaja saruji wala mkono. Nilirudi nyumbani nimewakasirikia wote.

Ulitaka uione mvua ya kwanza ya kaskazi, na hukuiona. Imekuja jana, Ijumaa. Ilianza baada ya swala, ikapiga kaskazini moja kwa moja, mvua ya kutosikia mtu. Iliendelea kwa muda wa saa moja. Ilipokatika jua likatoka, na Abdoulkarim akachukua viatu akatoka bila kuaga.

Naoufal ndiye aliyenisimulia. Anasema alimkuta nje, upande wa nyuma, ukuta wote umekolea kijivu kwa maji. Alikaa juu ya jiwe akiutazama, mtu aliyefunga, katika jua lile. Doa lilianza kupungua kutoka juu. Alipoadhini mwadhini wa alasiri, nusu ya ukuta ilikuwa imerudi nyeupe. Aliingia akaswali. Kisha, watu walipotoka, alikwenda mbele, akauegemeza uso wake kwenye ukuta wa kibla kwa ndani, shavu na sikio, akakaa hivyo muda mrefu sana. Naoufal aliona haya akaondoka.

Alirudi wakati wa kufuturu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chokaa, kuanzia kwenye ndevu hadi kwenye nyusi. Imane alinitazama, nikamkanyaga mguu anyamaze. Akala tende, akanywa uji, na chokaa yake shavuni. Alipomaliza akaniambia, "Mwandikie ndugu yako. Mwambie umekauka."

Nikasema nitaandika.

Akasema, "Kisha mwambie..." Akaangalia mikono yake. Nouriat alikuja akampanda mapajani, naye akaanza kumfunga vifungo.

Leo nimemkumbusha mara mbili. Anasema ngoja kwanza, anatafuta neno. Salimou yuko mlangoni na anasema mashua haingoji. Basi nakutumia hivyo hivyo alivyoliacha.

Dada yako,
Saandia